Saa ya Upande wa Pili

Oli, Arua
Kumi la mwisho la Ramadhani

Kwa dada yangu Jalia,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wanao, na saumu iwe nyepesi kwenu huko Bombo. Sisi huku hatujambo. Mvua bado haijaanza, na vumbi la Oli linaingia mpaka ndani ya kompyuta za watu, kwa hiyo kazi ya kuzipuliza haiishi. Candiru, yule ninayeendesha naye duka, anakusalimu sana. Mama naye anakusalimu kutoka Koboko. Sukari yake inapanda na kushuka, ila yeye mwenyewe hajashuka hata kidogo: bado anatuamrisha sote, pamoja na baba.

Najua utashangaa kupokea karatasi kutoka kwa ndugu ambaye riziki yake ni kompyuta. Sababu ni wanao. Kila nikikutumia ujumbe wa sauti, wao ndio huusikiliza kwanza, kisha humpigia nyanya yao Koboko wakamsimulia wote, na chumvi juu. Haya ninayotaka kukueleza hayafai kumfikia mama kwa njia hiyo. Ndiyo maana nimempa Angelo, kondakta wa basi la Kampala, akuachie mkononi mwako anapopita Bombo. Usipoipata, yeye ndiye wa kuulizwa.

Ni habari ya baba na adhana. Bila shaka umekwisha kusikia kwamba baba alinyang'anywa adhana, kisha akarudishiwa, na kwamba mji mzima ulicheka. Umeisikia vibaya. Hata mimi niliyekuwapo niliielewa vibaya, na mimi ndiye fundi.

Ilianza katika Shaabani. Hajji Nasur, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, yule anayeuza simenti barabara ya mpakani ya kwenda Kaya, alisimama baada ya sala ya Ijumaa akatangaza kwamba Ramadhani hii magharibi yataadhiniwa na kompyuta kwa vipaza sauti. Alisema Mzee Kamisi ameitumikia adhana tangu wengi wetu hatujazaliwa, umri umekwenda, apunguziwe mzigo. Shehe Swaib alisita kidogo. Alisema sauti ya mashine si adhana, ni taarifa tu ya wakati. Watu wafuturu kwayo majumbani, na atakayekuwapo msikitini aadhini kwa mdomo wake kabla ya sala. Kwa sharti hilo akakubali. Watu walinung'unika wakitoka, lakini si unajua manung'uniko ya Koboko, huishia kwenye kuvaa viatu.

Mimi niliposikia niliumia. Baba si shehe, si tajiri, hana cheo cha serikali wala cha ukoo. Ana adhana. Mtu akimtaja mjini husema Kamisi mwadhini, na hata wale Wakristo wa sokoni hufunga vibanda vyao kwa sauti yake. Na adhana yenyewe hasa ni ile ya magharibi ya Ramadhani, wakati mji mzima umenyamaza ukimsubiri yeye. Ukimwondolea hiyo, anabaki mzee wa kukaa barazani na kuulizwa kama amekula. Nilijiambia kwamba Hajji Nasur anamzika baba yangu akiwa bado anapumua.

Hajji akanipigia simu mimi mwenyewe. Alikuwa na kompyuta ya mkononi, si mpya, akataka niitengeneze ianze kuita. Alitaka kitu kimoja tu, kiwe kizuri kisisumbue. Nilimwambia upo mfumo endeshi mpya kabisa, ambao watengenezaji hawajautoa rasmi, Arua nzima hakuna aliye nao ila mimi, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanaoujaribu. Hajji alipenda sana neno mpya kabisa. Nadhani aliwaza msikiti wa karibu na stendi, ambao vipaza sauti vyao ni vikubwa kuliko vyetu.

Wewe hujali mambo haya, lakini vumilia kidogo. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha kompyuta. Programu nyingine zote humwomba yeye ruhusa, kama sisi tulivyokuwa tukimwomba mama. Wanaoutengeneza, kabla ya kuutoa, huwapa watu wachache toleo la majaribio walitumie na kuwaandikia kasoro wanazoziona. Halilipiwi. Kabla halijakubali kuingia kwenye kompyuta, linakuonyesha onyo kwamba lisitumiwe kwa kazi ya lazima, nawe lazima ubonyeze kwamba umesoma na umekubali. Nilibonyeza.

Candiru hakufurahi. Tulilipakua asubuhi asubuhi kabla mtandao haujajaa watu, tukalitia kwenye flashi, na wakati mashine ya Hajji inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, yeye alikaa ananitazama. Akaniambia, "Muzamili, hii kitu haijaiva. Kwa nini unapelekea watu ya msikiti?" Nilimjibu kwamba Hajji ndiye aliyetaka mpya. Akasema kama ni hivyo yeye hayumo, akarudi kuchapa barua za wateja.

Nilienda Koboko nikamrekodi baba. Nilitegemea atakataa, au angalau nimbembeleze. Hakukataa. Alitawadha, akavaa kanzu safi, akaniuliza asimame wapi, akaadhini mara moja bila kurudia. Aliponiona nimeinamia simu aliniuliza kama haikutoka vizuri. Nilisema imetoka. Nilimwona ametii kama mtu anayetia saini ya kujifukuza mwenyewe kazini, na moyo wangu ukazidi kuwa mgumu kwa Hajji.

Hajji alitaka mashine izinduliwe kwa magharibi ya mfungo wa kwanza. Mchana wa siku hiyo niliiweka kwenye chumba cha shehe, nikaandika humo nyakati za mwezi mzima, nikaiunganisha na vipaza sauti na betri ya umeme wa jua. Saa ilikuwa sawa. Kisha nikachomeka modemu ya laini ya simu, kwa maelezo kwamba toleo la majaribio linahitaji kupokea marekebisho ya kila siku. Hajji akaifunika kwa kitambaa cheupe, vumbi lisiiguse.

Jioni tulikaa msikitini, kamati na waumini waliokuja kushuhudia, kila mtu na tende yake. Baba hakuja. Alikuwa amebaki nyumbani na mama, nami nikalihesabu hilo kuwa huzuni. Jua likazama. Msikiti wa stendi ukaadhini, na ule wa sokoni nao. Wetu kimya. Watu wakamtazama Hajji. Hajji akainua mkono akasema, "Ngojeni kidogo. Hao naenda na saa ya mkono. Yetu iko ya kompyuta." Basi wakangoja, watu wazima, tende zimeshikwa kwa vidole viwili, nje giza linaingia na mashine inatutazama.

Kisha tukasikia fimbo ya baba uani. Aliingia akihema, hakumwuliza mtu neno, akasimama penye mlango akatia kidole sikioni na kuadhini kwa mdomo wake. Tukala. Nilipomtazama alikuwa amemaliza kuadhini na ndiyo kwanza anatafuta tende mfukoni. Nitakwambia ukweli, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, na waone sasa.

Hajji alifunua kitambaa akatazama kioo. "Hii iko saa ya wapi?" aliuliza. Kijana mmoja anayeuza nguo ng'ambo alichungulia akasema bila hata kufikiri, "Hii saa ya Kaya. Mimi naijua. Kila siku nafika kule, nakuta maduka bado imefungwa." Na ni kweli. Unajua Koboko tulivyobanwa na mipaka miwili: ukitembea kidogo simu inakukaribisha Sudani Kusini, ukigeuka inakukaribisha Kongo, na kote huko saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Modemu ilikuwa imeshika mnara wa upande wa pili, na mashine kwa adabu zake ikafuata saa za huko.

Lakini kichekesho hasa kilikuja baadaye. Tumekwisha kusimama safu kwa ajili ya isha, Shehe Swaib anarekebisha kilemba, mashine ikaona kwamba sasa kwake ndiyo magharibi. Sauti ya baba ikalipuka juu ya mabati, kubwa, mji mzima ukaisikia, na baba mwenyewe amesimama safu ya pili akitazama dari. Mimi ndiye pekee niliyejua pa kuizimia. Sikufanya haraka.

Usiku ule ule kamati iliamua Mzee Kamisi arudie magharibi yake mpaka mashine ipone. Niliibeba kompyuta nikairudisha Arua, eti kwa matengenezo, nikaiweka rafu ya juu kabisa. Kila jioni baba aliadhini. Hajji Nasur alichekwa sokoni, watu wakimwuliza saa ngapi, kisha wakimwuliza ya nchi gani. Nami nilirudi kwenye kazi zangu nimetulia kama mtu aliyelipa deni.

Sasa, dada, hili ndilo nililokuwa nalizungukia. Nilijua. Muda mfupi kabla ya kuiweka mashine msikitini nilikuwa nimelala nyumbani Koboko na kompyuta yangu yenye toleo lile lile, na nikiwa nakunywa chai ya mama niliiona saa ikirudi nyuma yenyewe. Mimi ndiye niliyewaandikia watengenezaji kwamba karibu na mipaka toleo lao linahamia nchi ya jirani. Walinijibu kwa shukrani, wakasema wataliweka sawa, na kwa sasa nizime swichi moja ndogo ya kufuata saa ya mtandao. Kwenye mashine ya msikiti swichi hiyo niliiacha imewashwa kwa makusudi, na modemu nikaichomeka kwa makusudi. Nilikuwa hata nimepima dhambi yake: nilijiambia kuchelewa kufuturu hakuharibu saumu ya mtu, alfajiri ndiyo ningeiogopa. Nilitaka mashine ifedheheke mbele ya watu ili baba arudishiwe chake. Na ilifedheheka vizuri sana.

Juzi nilienda kuwasalimu. Baada ya alasiri baba aliniita tukae nje, akaniuliza mashine itapona lini. Nilimwambia hakuna haraka, watu wanaipenda sauti yake halisi. Akaniuliza tena, safari hii kwa upole wa mtu anayeomba. Ndipo akanieleza kwamba lile wazo halikuwa la Hajji Nasur. Lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyemwendea Hajji dukani, akamwomba aliseme kama la kamati na asimtaje.

Alisema tangu amwoe mama hajawahi kufuturu naye. Mwadhini hufuturia msikitini, kwa tende moja, amesimama; akimaliza sala na salamu za watu na kufika nyumbani, mama amekwisha kula. Unalikumbuka lile bakuli lake lililofunikwa sahani, ambalo tulikuwa tukikatazwa kuligusa. Sisi tuliliona heshima. Yeye alisema amelifunua bakuli hilo peke yake maisha yake yote, na mama amekula peke yake tangu wewe ulipoolewa na mimi nikahamia Arua.

Nilimwuliza kwa nini asimwombe kijana mmoja amshikie zamu. Alisema saa ile kila mtu anataka awe kwake, na yeye hawezi kumwondoa mwingine kwenye mkeka wake ili apate kukaa kwenye wa kwake. Mashine haina mkeka, alisema. Ndiyo maana alipoisikia habari yake alifurahi, na ndiyo maana alirekodi bila kubembelezwa.

Nikamwuliza kwa nini mwaka huu. Hapo alitazama kwanza mlangoni kuhakikisha mama hayuko karibu. Daktari amemwambia mama asifunge tena. Mama aligoma, wakavutana, mwisho akaruhusiwa mwezi huu mmoja, kwa siku za kupangiwa na dawa za kupunguziwa, na akaahidi kwamba hautakuwapo mwingine. Mimi na wewe hatukuambiwa kwa sababu yeye hakutaka. Baba alihesabu kwamba akitaka kukaa na mama kwenye futari hata mara chache, ni mwezi huu au basi. Na mama asijue kwamba yeye ndiye sababu, maana angemfukuza arudi msikitini na kumwambia uji haushindi adhana.

Nilikaa pale, dada, aibu imenishika mpaka masikioni. Mfungo wa kwanza, ile jioni niliyomwona ameingia akihema nikafurahi, alikuwa ameinuka kutoka kwenye mkeka, mbele ya mama, tende iko mkononi. Ile futari na mama alikuwa ameipata kwa muda wa kukaa tu. Na jioni zote zilizofuata nilimnyima mimi, mtoto wake, kwa mapenzi. Sikumwambia. Nilisema tu kwamba mashine nitaileta kesho.

Watengenezaji walikuwa wameshalitoa toleo lililokamilika. Lilikuwa limekaa dukani kwangu muda wote nikilitazama tu. Nilimweleza Candiru kila kitu. Hakusema kwamba alinionya, alinisogezea flashi tu na kwenda kunisubirishia wateja. Niliufuta ule mfumo wa majaribio, nikaweka uliokamilika, nikazima swichi ya saa, na modemu nikaiacha Arua kabisa, isije ikaishawishi mashine tena.

Koboko nilipitia kwanza kwa Hajji Nasur, kwenye simenti yake, nikamwomba radhi na kumwambia nililofanya. Akasema, "Wewe mtoto ya Kamisi. Soko nzima imenicheka." Nilimwuliza kwa nini hakujitetea, hata watu walipomwambia anamfukuza mzee. Akasema mzee alimwambia asiseme, sasa yeye angesema nini. Kisha akataka kujua kama hii niliyoileta nayo ni mpya kabisa. Nikamwambia hapana, hii imekamilika tu. "Basi hiyo ndiyo nilikuwa nataka," akasema, akarudi kuhesabu mifuko.

Jana jioni nilifuturu nyumbani. Mama alimwuliza baba mara mbili kama anaumwa, kwa nini hajaondoka. Baba akasema mashine imepona. Mama alichukua muda mrefu kuliko kawaida kuchagua bakuli. Akamimina uji, wake na wa baba na wangu, akaweka mikate ya gurusa katikati, tukakaa. Baba alikuwa hatulii, anatazama mwanga uani kama mtu anayekaribia kuachwa na gari. Halafu sauti yake ikatoka msikitini, kwa wakati wake, ikapita juu ya nyumba zote mpaka kwetu. Mwili wake ukainuka wenyewe. Alikuwa amekwisha kupiga goti moja, kidole kiko njiani kwenda sikioni, mama alipomshika pindo la kanzu.

"Kaa," alimwambia. "Leo iko mutu ingine naita."

Akakaa. Mama akampa tende kwa mkono wake, akaila, na akawa anayafuatisha maneno ya adhana polepole, kama inavyompasa kila anayeisikia, yeye akijiitikia mwenyewe. Sijui kama mama alikuwa amekwisha kufahamu. Hakumwachia pindo la kanzu mpaka adhana ilipokwisha.

Ndiyo habari yenyewe. Nakuomba mambo mawili. Kwanza, njoo kabla mwezi haujaandama, hata kwa jioni moja. Sema umekumbuka gurusa, mama ataamini. Pili, baba hajui kwamba nilijua. Ukiona ni haki nimwambie, nitamwambia, lakini baada ya Idi, kwa sasa nisimharibie chakula. Lolote utakaloamua nitalifuata, kwa kuwa mimi uamuzi wangu umekwisha kuonekana ulivyo.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie mjomba hajawasahau ingawa safari hii amewakwepa. Wazee wa hapo Bombo wanaotukumbuka wape salamu za baba. Angelo mpe maji ya kunywa njiani.

Leo asubuhi, kabla sijarudi Arua, niliingia jikoni kwa mama kuaga. Ile sahani ya kufunikia bakuli la baba nimeikuta imewekwa vitunguu.

Ni mimi mdogo wako,
Muzamili